Mke wa Stelingi

Runinga za siku hizo zilimtungia kila mtazamaji filamu yake, kwa kuyasoma mapigo ya moyo wake kupitia miwani. Jina la filamu na stelingi vilikuwa vilevile kwa wote. Mengine yote moyo wako ndio ulioyaamua.

Mama Shani alivua miwani huku akifuta machozi, akamgeukia mumewe waliyekaa naye kochi moja.

"Hii filamu ni balaa, Baba Shani! Yule stelingi anaigiza mpaka unasahau kama ni filamu. Na ile treni ilivyokuwa inakata mvua, loo!"

"Sijawahi kuona kali kama hii," alisema mumewe, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Halafu pale mwisho anapomfuata mkewe stesheni! Ameloa chapachapa, lakini maandazi ya mkewe kayafunika kwa koti lake yasilowe. Nimelia mie!"

Baba Shani alikunja uso, akijaribu kukumbuka.

"Mke gani?" aliuliza. "Kwangu hakuwa na mke."

Kisha akatabasamu, akavaa tena miwani yake, akaianza upya.