Honi ya Lori la Garbatulla

Lori kutoka Garbatulla lilipiga honi kwenye kona, na Ebla akainuka. Akajaza birika maji vuguvugu, akaliweka mlangoni kando ya kigoda, ili mumewe akifika atawadhe.

Ndipo akakumbuka. Mumewe alizikwa kabla ya mvua. Lori lake liliuzwa, na dereva mpya hupiga honi ileile kwenye kona ileile.

Jirani, aliyekuwa akichuja maziwa ya ngamia uani, aliliona birika. "Ebla, nimwambie huyo dereva asipige honi hapa?"

Tangu mazishi, hakuna aliyekalia kigoda kile. Ebla akakaa, akapandisha mikono ya gauni, akajimiminia maji polepole mpaka yakaisha.

"Mwache apige," akasema. "Kesho pia nataka kusahau kidogo."