Kanga Yenye Joto la Pasi

Umeme ulikatika siku ya ishirini na moja ya kuangua, vifaranga wa Zamda wakiwa wameanza kudonoa maganda kwa ndani. Akaihamishia mashine ya kuangulia mayai kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Wifi yake, Rukia, aliyekuwa akinyoosha kanga ya harusini, naye akachomeka pasi hapo hapo. Inveta ikapiga yowe, mashine ikazima.

"Wifi! Umefanya nini?"

"Si ulisema volti ni zile zile za ukutani?"

"Volti ndizo, lakini pasi inavuta mkondo mwingi kuliko mashine kumi!"

Zamda akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena.

Rukia akaichukua kanga yake, bado ina joto la pasi, akafungua mashine na kuyafunika mayai. Wakainama pamoja. Chini ya maua mekundu ya kanga, kitu kikagonga mara moja.