Mwanga Unaovuja

Mstari wa mwanga ulikuwa umerudi.

Rasmila akasonya. Injini yake ya kuchora picha kwenye kompyuta aliiandika mwenyewe, kwa kujifurahisha tu. Leo alikuwa ameilisha picha za chumba chake, alichokipiga picha kwa simu nje na ndani, upesi upesi, akifunua vitambaa vya ukutani bila hata kutazama. Jua la mji wao wa Bhaktapur lilichoreka vizuri. Ila kwenye pembe ya chumba, mwanga ulivuja.

Waandishi wa injini wote wanaujua ugonjwa huo. Hesabu za vivuli zikikosea, mwanga hupenya palipozibwa. Akazirekebisha. Mstari ukabaki pale pale.

"We Rasmila! Chai inapoa!" mama yake aliita kutoka jikoni, ghorofa ya juu. "Au umeshaolewa na hiyo kompyuta?"

"Nakuja, Mama! Kuna kosa dogo tu."

Akakiondoa chumba kwenye injini, akaweka sanduku tupu la kuchora mahali pake. Halikuvuja hata kidogo. Hesabu hazikuwa na kosa.

Akageuka polepole, akakifunua kitambaa cha pembeni.

Jua likamwangukia kiganjani, jembamba kama uzi. Lipu waliyopaka ukutani baada ya tetemeko la ardhi ilikuwa imepasuka. Akaingiza kidole, kikazama mpaka kwenye pete, na upepo wa nje ukampuliza nchani.

Juu, mama yake alipiga hatua. Vumbi jekundu la matofali likammwagikia mkononi.

"Mama! Usitembee! Simama hapo hapo!"

"Unadeka wewe! Haya, nakuletea mwenyewe."

Hatua zikasikika tena juu, na uzi wa mwanga ukawa utepe.