Majina Sita Dirishani

Kwa siku ya tatu mfululizo mahabusu ya kaunti ilikuwa na watu saba, na kwa siku ya tatu mfululizo Maribeth Oakes alibandika majina sita.

Sheria haikuwa na utata. Kabla ya saa mbili asubuhi, jina la kila aliyekamatwa, pamoja na kosa lake, liwe kwenye kioo cha dirisha la mapokezi, mwananchi yeyote asome. Karani anayeficha jina hufungasha virago siku hiyo hiyo. Maribeth alilijua hilo. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni, na aliipenda.

Msomaji wa kwanza alikuwa yule yule siku zote: Bi Nadine Stroud, mjane, mtunza orodha ya maombi ya kanisa. Akishasoma hurudi nyumbani akampigia simu mwenzake, mwenzake akampigia mwingine, na ikifika adhuhuri kila aliyekamatwa ameombewa na mji mzima. Na mji mzima umeshajua alichofanya.

Tangu Novemba hakukosa hata asubuhi moja, hata zile ambazo upepo wa Nebraska uligandisha kope za watu. Husukuma mlango, akavua glavu, kidole chake kikashuka moja kwa moja hadi mwisho wa orodha. Kisha ndipo huanza kusoma toka juu, polepole, huku mfuko wake wa kufuma ukining'inia mkononi. Alikuwa akifuma soksi nzito za kijivu, kubwa kama za jitu. Maribeth alidhani ni za mnada wa kanisa.

"Ni hawa tu, mwanangu?"

"Ni hawa tu, mama."

"Hakuna aliyekataa kutaja jina?"

Hapo Lonnie Pruitt, askari wa zamu, hupita na sinia za mayai. "Biashara imelala, Bi Nadine. Njoo Jumatatu, watu wakishalewa."

"Si uwakamate shemeji zako, Lonnie? Hao hawakosi kosa."

Lonnie hucheka mpaka mayai yakateleza.

Ndipo Jumatatu mchana akaletwa kijana aliyekutwa amelala ndani ya ghala la mahindi la watu. Mwembamba, ndevu chafu, kikohozi cha kupasua kifua. Maribeth alipomuuliza jina, alisita kwanza.

"Colby Stroud."

Kalamu ya Maribeth ilisimama. Colby wa Bi Nadine alikuwa mji wa mbali wa Tulsa, msimamizi wa visima vya mafuta. Mama yake alikuwa amelisema hilo kanisani, sokoni na kwa kinyozi.

"Dada," kijana akanong'ona akipakwa wino vidoleni, "mama yangu huwa anaisoma hiyo karatasi?"

"Kila siku."

Akainamisha kichwa. "Basi nimemuua. Nifiche mpaka Ijumaa tu. Nikishatoka kwa hakimu nitapotea zangu, hatajua kitu."

Maribeth aliamini kwamba mtu hapaswi kupimwa kwa siku yake mbaya kuliko zote, wala mama yake hapaswi kupimwa kwayo. Alimfikiria Bi Nadine amesimama pale dirishani, kidole kwenye jina la mwanawe, na mji mzima ukisubiri simu. Akachapa karatasi ya pili. Ile ya kwanza akaifungia kwenye droo.

"Binti, umeruka jina," Lonnie alimwambia Jumanne.

"Najua."

"Sherifu akijua, hufiki mchana."

"Najua, Lonnie."

Askari akamtazama, kisha akaangalia kule alikokuwa akitokea Bi Nadine, ameinama kukabili upepo. "Mimi sijasoma kitu," akasema. "Macho yangu mabovu."

Jumatano, kidole cha Bi Nadine kilipokuwa kimefika mwisho wa orodha, kikohozi kikasikika nyuma ya ukuta. Maribeth akashikilia meza.

"Huyo anaumwa," mama akasema. "Mpeni maji moto na asali. Naye ana mama yake huyo."

"Nitampa, mama."

"Ni hawa tu?"

"Ni hawa tu." Na Maribeth akatabasamu, kwa sababu zilibaki siku mbili, na kwa sababu hakuwahi kumfanyia mtu wema mkubwa kama ule.

Usiku wake baridi ilivunja rekodi ya miaka arobaini. Ng'ombe kumi na wawili walikufa wamesimama, tena ndani ya zizi.

Alhamisi Bi Nadine alichelewa. Alipoingia alikuwa amevaa koti jeusi, lile la mazishi ya mumewe. Hakuvua glavu. Hakuitazama orodha.

"Husomi leo, mama?" Maribeth akauliza.

Bi Nadine akatoa soksi za kijivu mfukoni, zimekamilika, akaziweka juu ya meza na kuzinyoosha kwa kiganja.

"Mpe yule anayekohoa. Niliyemfumia hatazihitaji tena."

Nyuma ya ukuta, mtu akakohoa.

"Tulsa ni uongo wangu," akasema Bi Nadine. "Colby alinipigia Novemba, kwamba anarudi nyumbani kwa miguu. Toka siku ile, kila asubuhi namwomba Mungu nimkute kwenye karatasi yako. Humu kuna joto. Humu mtu anakula." Akajifuta pua kwa glavu. "Sasa niambie, mwanangu. Wale wanaookotwa wameganda barabarani, wao orodha yao hubandikwa wapi?"