Jina la Tunu

Karibu kila nyumba pale Lunga Lunga iliendeshwa na Tunu, mfumo uliowasha taa, ukachemsha maji na kuzungumza na wenyeji. Aliyeutunga ni Tunu mwenyewe, binti wa Bi Mejumaa. Aliutilia sauti yake, akaugawa bure kabla hajafariki. Sheria aliyouwekea ilimruhusu yeyote kuunakili na kuurekebisha apendavyo, lakini nakala ikishaguswa, hata kidogo tu, jina na nembo sharti viondolewe.

Bi Mejumaa alitamani kuusikia ukisema Kidigo, kama mwanawe alivyokuwa akisema naye jikoni.

"Nitaufundisha, mama," fundi Mwachiro alimwambia, "ila hautaitwa Tunu tena."

"Hata mimi niliyempa hilo jina?"

"Hata wewe, mama."

Bi Mejumaa akamruhusu.

Kesho yake asubuhi sauti ilimwamkia kwa Kidigo, kwa lafudhi ile ile, hata akaacha kupepeta mchele.

"Tunu!" akaita.

Kimya. Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Abee!" Sauti ya mwanawe iliitika kwa Kiswahili, kutoka dirisha la jirani. "Nikusaidie nini, mgeni?"