Golikipa wa Usinge

Advera alifika golini akiwa amechelewa, na alijua amechelewa. Hii ilikuwa mechi yake ya nne kuchezesha tangu asubuhi, na miguu ilikuwa imegoma.

Golikipa wa Usinge alikuwa amelala juu ya mpira, hapo hapo kwenye mstari wa goli. Hadi dakika hiyo ya mwisho fainali ilikuwa sare bila bao. Wasichana wa Chemchem, wote chini ya miaka kumi na sita, walikuwa wameshaanza kushangilia ubingwa. Wa Usinge wakapiga kelele, "Haujaingia, refa! Haujaingia!"

Mshika kibendera akatikisa kichwa. Naye hakuona.

Advera akachuchumaa, magoti yakimlia. Kiwiko cha golikipa kilikuwa cheupe kwa chokaa ya mstari, lakini kiwiko si mpira. Akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mpira umevuka?"

Binti akawatazama wenzake aliosafiri nao tangu juzi.

"Umevuka, refa."

Nahodha wake akajishika kichwa. Advera akapuliza filimbi na kuonyesha kati, huku akitamani asingeuliza.

Binti akajipangusa vumbi usoni, akamkabidhi mpira. "Zimebaki dakika ngapi?"

Advera akatazama saa yake. Muda ulikuwa umekwisha, na mwili mzima ulikuwa unamdai akae chini.

"Tatu," alisema, kisha akaanza kukimbia kuelekea katikati ya uwanja.