Nyumba Isiyojikuna

Daktari wa mifugo alikuwa akimkagua mwalimu mkuu shingoni kwa tochi. Dada wa daktari huyo, ambaye ni daktari wa watu, alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akimbembeleza paka wa shule atoe mguu. Mume wa dada, bwana mazingira, alikuwa nje, nusu mwili ndani ya mtaro, akichota maji machafu kwa chupa ya jamu.

Ndivyo walivyoagizwa. Barua ya mkurugenzi ilisema afya ya mtu, ya mnyama na ya mazingira ni kitu kimoja, kwa hiyo wataalamu hao watatu wazunguke pamoja, kwa gari moja, na kila mmoja ajifunze kazi ya mwenzake.

Wiki mbili zilizopita walianza na wagonjwa watatu wa kuwashwa. Sasa mji mzima ulikuwa unajikuna. Muuza nyama alijikuna kwa mpini wa kisu, karani wa posta kwa mhuri. Fundi cherehani alikuwa ameegemea nguzo ya umeme tangu asubuhi, akipanda na kushuka.

“Ni upele,” alisema daktari wa watu, akijikuna kiwiko.

“Dada, upele hauna mbio hivyo.”

“Basi ni hao mbwa wako.”

“Ni jalala,” alisema bwana mazingira kutoka mtaroni. “Nimesema tangu mwanzo.”

“Shemeji, wewe hata mafua unasema ni jalala.”

Daktari wa mifugo hakuwa na hamu ya utani. Jumatatu ilikuwa imefika barua ya pili: chanzo kisipojulikana kufikia Ijumaa, mbwa wote wa mji wauawe. Leo ilikuwa Alhamisi. Na yeye alikuwa mtu asiyeweza kumpita mbwa wa mtaani bila kumpakia garini na kumpeleka kliniki.

Dada yake alifungua daftari. “Tazama kasi yake. Mtaa wa nyuma ya posta, Jumatatu tulikuta mmoja tu anajikuna. Jana tuliporudi, wote.”

“Unatushinda mbio,” alisema mumewe, akifuta matope kwenye kidevu.

Mwalimu mkuu alifunga kola yake. “Mmefika kwa Mama Mbwa? Mtaa wake wote unajikuna, kwake hajikuni hata mmoja.”

Walitazamana. Mama Mbwa alikuwa na mbwa sita. Alikuwa na mbuzi wawili waliolala jikoni, kuku waliotagia kitandani, na nyuma ya nyumba lundo la taka lililofika dirishani. Kwa hesabu ya kila mmoja wao, yule mama alipaswa kuwa amejikuna mpaka kwenye mfupa.

Waligombea mlango wa gari.

Walimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele. Mbwa walikuwa wamejilaza kumzunguka kama mito ya kochi. Hakuna aliyejikuna.

“Shikamoo mama,” walisema wote watatu getini.

“Marahaba. Semeni hapo hapo, nawasikia.”

“Mama, unaogea sabuni gani?” aliuliza daktari wa watu.

“Ya mche. Ya dukani.”

“Na udongo wa hapa uani,” alidakia bwana mazingira, akiinua chupa yake, “una nini?”

“Una kinyesi cha kuku.”

Daktari wa mifugo alishika vyuma vya geti kwa mikono miwili. “Mama yangu, mbwa hawa unawapa dawa gani? Nieleze siri yako. Bila hivyo kesho wanauawa, hawa sita na wengine wote. Nakuomba kama mwanao.”

Mama Mbwa aliweka ungo chini. Alimtazama kwa huruma ya kweli. Kisha alisimama, akaja mpaka getini na funguo mkononi, akazungusha ufunguo kwenye kufuli mara ya pili.

“Siri sina, mwanangu. Majirani zangu wote walianza kujikuna siku mliyoingia kwao. Mimi, mlipogonga, nilijifanya sipo.”